Presha ya damu iko sawa, kichwa hakiachi kuuma: mama, umeangaliwa ndani ya jicho?

Wiki hii tunazungumza juu ya presha, lakini si ile unayoifikiria.

Neno hili tumelitwisha mzigo mkubwa. Mtu akisema "mama ana presha", sote tunaelewa presha ya damu, ile inayopimwa kwa kufungwa mkanda mkononi. Ukienda kliniki ya macho utasikia pia "presha ya macho", ambapo maji ya ndani ya jicho lenyewe hubana. Hizo ni mbili. Ya tatu wengi hawajaisikia: presha ya ndani ya fuvu la kichwa. Mtu anaweza kuwa nayo huku presha yake ya damu ni 110 kwa 70, kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, na picha ya kichwa imetoka safi. Anaambiwa "huna kitu, kapumzike". Anarudi nyumbani na Panadol zake, na huku uwezo wake wa kuona unapungua kidogo kidogo bila ya mwenyewe kujua.

Nimeamua kuyaandikia maradhi haya kwa sababu wanaoyapata zaidi si wazee. Ni kina mama walio katika umri wa kuzaa, wenye watoto wadogo na shughuli za kila siku, ambao kichwa kikiuma hukifunga kitambaa na kuendelea na kazi.

Maji yanayouzunguka ubongo

Ubongo haukukaa mkavu ndani ya fuvu. Umeelea katika maji safi, meupe kama ya kisima kizuri. Maji hayo hutengenezwa ndani ya ubongo wenyewe, huuzunguka pamoja na uti wa mgongo, kisha hurudi kwenye damu kupitia mishipa mikubwa inayotoa damu kichwani. Kwa mtu mzima, kwa wakati mmoja, yapo kama mililita 150 tu, chini ya nusu ya chupa ya soda. Lakini kwa siku mwili hutengeneza kama nusu lita, kwa hiyo hubadilishwa zaidi ya mara tatu kila siku. Yakiwa yanatengenezwa na hayatoki kwa kasi ileile, presha hupanda. Fuvu ni mfupa, halitanuki kama tumbo.

Presha hiyo hutafuta pa kusukuma. Nyuma ya kila jicho kuna mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo, nao umevikwa ala iliyojaa maji hayohayo. Presha ikipanda kichwani, hupanda na ndani ya ala, na kichwa cha mshipa huo huvimba mahali unapoingia kwenye jicho. Jicho haliumi, halina wekundu, halitoi machozi. Ukijitazama kwenye kioo huoni chochote. Lakini ukikaa hivyo kwa wiki na miezi, nyuzi za mshipa hufa, na uzi uliokufa haufufuki.

Mara nyingi presha hii ina sababu inayoonekana: uvimbe wa ubongo, homa ya uti wa mgongo, kuvuja kwa damu, au damu kuganda kwenye mishipa ya kichwani. Kuna wagonjwa, hata hivyo, ambao tunawatafuta sababu zote hizo tusizione. Hao ndio tunaowazungumzia leo, wenye presha ya ndani ya fuvu isiyo na sababu inayojulikana. Maradhi si mapya. Heinrich Quincke, daktari wa Kijerumani aliyeanzisha kipimo cha kuchukua maji ya mgongo mwaka 1891, aliwaeleza wagonjwa wa namna hii katika miaka iliyofuata. Mwaka 1904 mwenzake Max Nonne aliyaita maradhi hayo kwa maana ya "uvimbe wa uongo wa ubongo", kwa vile wagonjwa walionekana kama wana uvimbe na uvimbe wenyewe haupo. Mwaka 1955 yakapewa jina jengine lenye maana ya presha "isiyo na madhara". Jina hilo sikulipenda tangu nilipolisoma chuoni, na madaktari wengi wameshaliacha. Maradhi yanayoweza kumpofua mama wa miaka 28 hayawezi kuitwa yasiyo na madhara.

Kiza cha sekunde tatu

Miezi michache iliyopita nilialikwa Chwaka kuzungumza na kina mama juu ya afya zao. Mnaokujua mnajua, ni kama kilomita 30 kutoka mjini, upande wa mashariki, pale ghuba inapojikunja na mikoko, na maji ya bamvua yakipwa hukimbia mbali mpaka unasahau kama kulikuwa na bahari. Kina mama wengi wa ukanda ule wamekuwa wakilima mwani tangu kilimo hicho kilipoanza kibiashara hapa Unguja mwaka 1989. Ni kazi ya kuinama. Unainama kufunga, unainama kuvuna, unanyanyuka na mzigo wa mwani mbichi, jua likiwa utosini.

Niliuliza nani kichwa kinamsumbua. Karibu ukumbi mzima ulinyoosha mikono, tukacheka. Mmoja alisema ni jua, mwengine kipanda uso, mwengine akasema ni watoto. Kisha mama mmoja kijana, aliyekuwa amempakata mtoto wake wa tatu, akasema taratibu: "Mimi dokta, nikiinama kufunga mwani kisha nikinyanyuka, kunakuwa kiza. Sekunde mbili tatu hivi. Halafu kunarudi kama kawaida."

Bi mkubwa aliyekuwa pembeni yake akamjibu kabla yangu. "Jua hilo, mwanangu. Hata sisi lilitufanya hivyo."

"Bibi yangu, jua lina makosa yake mengi," nilimwambia, "lakini hilo la kiza tuachie sisi tukaliangalie."

Baada ya mkutano nilimuuliza maswali machache. Je, anasikia mvumo masikioni? Akashangaa nimejuaje. Alikuwa anausikia usiku akilala, unakwenda sambamba na mapigo ya moyo, na alidhani ni mawimbi yanayopiga mwamba huko nje. Kichwa kinamuuma zaidi alfajiri anapoamka, na akikohoa. Shingo na mabega vinamkaza. Uzito? Akacheka kwa haya. Tangu amzae huyu wa tatu ameongezeka, kanga hazimzungukii tena. Kituoni alishapimwa presha ya damu mara nne, na mara zote ilikuwa nzuri. Wiki hiyohiyo alikuja mjini, akaangaliwa ndani ya macho, na mishipa yote miwili ilikuwa imevimba. Ameniruhusu nimwandike bila ya jina, na nitarudi kwake kidogo hapo mbele.

Naomba uyashike mambo haya matatu, kwa sababu kichwa peke yake hakitoshi kutuambia kitu. Kichwa cha maradhi haya chaweza kufanana kabisa na kipanda uso cha kawaida. Lakini kichwa pamoja na kiza cha sekunde chache unapoinama au kunyanyuka, au kichwa pamoja na mvumo wa masikio unaofuata mapigo ya moyo, au kichwa pamoja na kuona vitu viwili viwili vilivyokaa ubavu kwa ubavu, hicho ni kichwa cha kupelekwa hospitali. Kama alivyosema yule bi mkubwa, wengi wameishi na vichwa vya jua miaka na miaka. Jua huumiza kichwa, kweli, na ukivaa kofia na kunywa maji kinatulia. Mvumo unaokwenda na moyo hautulizwi na kofia.

Nani yumo hatarini

Jambo linalojitokeza katika kila utafiti ni uzito. Mwaka 1988 watafiti wa Marekani walihesabu wagonjwa katika majimbo ya Iowa na Louisiana. Katika watu wote, walikuta kama mgonjwa mmoja mpya kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Walipowatazama wanawake wa miaka 20 hadi 44 wenye uzito uliopita kiasi, idadi ilipanda hadi kama 15 mpaka 19. Katika utafiti mkubwa wa tiba uliofanywa Amerika na matokeo yake kutoka mwaka 2014, wagonjwa walikuwa 165, na kati yao wanaume walikuwa wanne tu. Wastani wa umri ulikuwa miaka 29.

Usiisome hesabu hiyo ukaingiwa na hofu. Hata kwa mwanamke mnene maradhi haya ni nadra, na wengi walio wanene hawatayapata maisha yao yote. Lakini kinachonishughulisha ni kwamba kundi lililo hatarini linakua hapa kwetu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulionyesha kwamba zaidi ya robo ya wanawake wa Tanzania walikuwa na uzito uliopita kiasi, na Mjini Magharibi ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyoongoza. Tukiwa na kina mama wengi zaidi wenye uzito mkubwa, tutawaona wagonjwa wengi zaidi wa presha hii.

Kuna kitu kingine ambacho wagonjwa hawaambiwi: si unene tu, ni kunenepa. Aliyeongezeka uzito hivi karibuni, hasa ndani ya mwaka mmoja, yumo hatarini zaidi, hata kama hajafikia kuitwa mnene. Mwanamke wa kilo 60 aliyepanda hadi 68 kwa mwaka anaingia katika hesabu hiyo. Na sisi tunajua miaka gani mwanamke wa Kizanzibari hunenepa. Ni baada ya kuolewa na baada ya kujifungua. Arobaini ni desturi nzuri sana, mama hupumzika na kuhudumiwa, na sina ugomvi na uji wa pilipili manga wala supu ya kuku. Ugomvi wangu ni pale arobaini inapomalizika na uji unaendelea mwezi wa sita, pamoja na boflo na chai ya vijiko vinne vya sukari, na kila anayemuona mama anamsifu "umenawiri". Sifa hiyo ina mapenzi ndani yake. Ila tukimpenda mama tumpime pia.

Kupima ni rahisi. Chukua kilo zako, zigawe kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mama wa mita 1.60 na kilo 82: 1.60 mara 1.60 ni 2.56, na 82 ukigawa kwa 2.56 unapata 32. Ukifika 30 na kuendelea, huo ni unene wa kuufanyia kazi.

Wanaume wamo pia, kama mmoja katika kila wagonjwa kumi, na hao wakipata huwa wanapoteza uoni zaidi kuliko wanawake. Mume wako akiwa mnene, anakoroma usiku mpaka pumzi inakatika kisha anashtuka, na mchana anasinzia kwenye gari, mwambie ataje hilo hospitali. Kukatika kwa pumzi usingizini kunahusiana na presha hii. Upungufu wa damu nao unahusiana nayo, na kwa kina mama wetu huo ni mwingi. Mgonjwa mwenye kichwa cha namna hii lazima apimwe damu, maana hilo ni jambo linalotibika kwa gharama ndogo.

Vidonge tunavyovimeza bila ya kuulizwa

Hapa naomba umakini wako, msomaji, kwa sababu ndipo tunapoweza kujikinga kwa urahisi zaidi. Zipo dawa zinazoweza kuipandisha presha ya ndani ya fuvu kwa baadhi ya watu.

Ya kwanza ni jamii ya tetrasaiklini, ikiwemo doksisaiklini, ambayo wengi huiita "doksi" na huinunua dukani kwa mdomo tu, leo kwa chunusi, kesho kwa kifua, keshokutwa kwa maambukizi ya njia ya uzazi. Ni dawa nzuri na ukiandikiwa na daktari imeze. Lakini ukianza kuimeza na ndani ya siku au wiki kikaja kichwa kipya, ukaona kiza au viwili viwili, iache na uende hospitali siku hiyohiyo. Wengi hupona baada ya kuiacha, mradi macho hayajaharibika.

Ya pili ni vitamini A ikizidi, na ndugu zake wanaotumika kutibu chunusi sugu, kama vile isotretinoini. Dawa hii ya chunusi isichanganywe kabisa na doksi, na mwanamke anayeweza kushika mimba asiipate bila ya usimamizi wa daktari, kwani humdhuru mtoto tumboni. Kuhusu vitamini A yenyewe, wavuvi wa Chwaka wanaijua sifa, yale mafuta ya ini la papa yanayopakwa vyombo. Ini la papa limejaa vitamini A, na kulila kwa wingi si jambo la kujaribu. Wasafiri wa Aktiki waliokula ini la dubu wa barafu waliugua vichwa vikali na kubambuka ngozi kwa sababu hiyohiyo.

Wazazi, msinielewe vibaya hapo. Matone ya vitamini A wanayopewa watoto wa miezi 6 hadi 59 kwenye kampeni ni salama, yanaokoa maisha na macho. Baadhi ya watoto wachanga zaidi utosi wao huinuka kidogo kwa siku moja au mbili kisha hushuka wenyewe. Mpeleke mwanao akapate. Ninachokukataza ni kununua vidonge vya vitamini A na kumpa "aongezeke damu".

Ya tatu inaniudhi, nami sitaficha. Ni steroidi, hasa zikiachwa ghafla baada ya kutumika kwa muda mrefu. Katika nchi nyingi za Afrika, na hapa kwetu pia, vinauzwa vidonge vya kunenepesha, vya "kuongeza shepu", na ndani ya baadhi yake mna deksamethasoni. Msichana anavimeza miezi mitatu kabla ya harusi, uso unajaa, uzito unapanda, kisha anaviacha kwa siku moja. Kwa kitendo hicho amejipatia mambo mawili ya hatari kwa mpigo: kunenepa haraka na kuacha steroidi ghafla. Mafuta ya kujichubua yenye steroidi kali yanaingia humohumo, na zaidi yakipakwa kwa mtoto mchanga, ambaye ngozi yake hunyonya dawa upesi. Kama wewe ni mgonjwa wa pumu, wa figo au wa maradhi mengine na umeandikiwa steroidi, usikatishe kwa kusoma makala haya. Daktari wako atakupunguzia polepole.

Lithiamu inayotumika kwa wagonjwa wa akili, na homoni ya ukuaji wanayopewa watoto wachache, nazo zimo katika orodha.

Na uzazi wa mpango? Swali hili lazima liulizwe, na kila nikilijibu kuna anayenuna. Vidonge na sindano za uzazi wa mpango vimetuhumiwa kwa miaka mingi, lakini tafiti kubwa hazikuthibitisha kwamba husababisha maradhi haya. Usiache njia yako kwa hofu hii. Kuna tahadhari moja tu. Vidonge vyenye estrojeni, pamoja na wiki za mwanzo baada ya kujifungua, huongeza uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa ya kichwani, na hilo ni jambo jengine, la dharura, linaloweza kujifananisha kabisa na tunalolizungumza. Ndiyo maana daktari akikuta mishipa ya macho imevimba, hakuandikii "sababu haijulikani" siku hiyohiyo. Anapiga picha ya ubongo na ya mishipa ya damu kwanza.

Na mama mjamzito aliyepita wiki 20, ukiumwa na kichwa na macho yakaona ukungu, pimwa presha ya damu kwanza kabisa na mkojo pia. Kifafa cha mimba hakisubiri.

Kwa watoto

Mtoto naye huweza kuipata presha hii. Kabla ya kubalehe, wasichana na wavulana huipata sawasawa, na uzito hauna nguvu kubwa kama kwa watu wazima. Hapo tutafute zaidi dawa alizotumia, ikiwemo steroidi iliyokatishwa. Baada ya kubalehe mambo hubadilika, wasichana wanene huongoza.

Tatizo la mtoto ni kwamba hasemi "nina mvumo masikioni". Utamuona amekuwa mkali, analala ovyo, anashika shingo. Jicho moja laanza kwenda upande, makengeza ambayo jana hayakuwepo. Au ustadhi wa chuoni anakwambia mtoto sasa anausogeza msahafu puani, na mwalimu wa skuli analalamika kwamba hanukuu ubaoni. Pengine anahitaji miwani tu, na mara nyingi ndivyo. Lakini anayempima miwani amtazame na ndani ya jicho.

Kinachofanyika hospitali

Kipimo muhimu kuliko vyote ni cha bei nafuu kuliko vyote: kuangaliwa nyuma ya jicho kwa tochi maalumu, ikiwezekana baada ya kutiwa matone ya kupanua mboni. Kisome tena hicho. Kusoma herufi za ubaoni hakutoshi. Maradhi haya huanza kula pembeni ya uoni na kuacha katikati mpaka mwisho. Mgonjwa anaweza kusoma mstari wa mwisho wa ubao na huku anagonga milango na watoto njiani kwa kuwa haoni ubavuni. Kwa hiyo ukiambiwa "macho yako mazuri", uliza kwa adabu: "Dokta, umeniangalia na mshipa wa nyuma?"

Baada ya picha ya kichwa, kinafuata kipimo kinachowakimbiza watu: kuchukua maji ya mgongo. Nimesikia kila aina ya hadithi, kwamba ukidungwa utapooza. Uti wa mgongo wa mtu mzima huishia juu ya mahali tunapodunga. Sindano huingia chini kiunoni, kwenye maji tu, mgonjwa amelala ubavu na amekunja magoti. Tunapima presha kwa urefu wa maji yanavyopanda kwenye mrija. Sentimita 25 au zaidi kwa mtu mzima ni nyingi. Kwa watoto tunakwenda hadi 28. Unaweza kuumwa na kichwa siku chache baadaye, kinachozidi ukisimama na kutulia ukilala. Hicho hupona.

Tiba inategemea macho yakoje. Kwa wengi tunatumia asetazolamaidi, vidonge vinavyopunguza utengenezaji wa maji hayo. Katika ule utafiti wa Amerika wa wagonjwa 165, waliopewa dawa hii pamoja na kupunguza kula walipona uoni zaidi kuliko waliopunguza kula peke yake. Vidole vitakuchonyota na soda itakosa ladha, jambo ambalo mimi naliona ni faida. Ukishika mimba, au ukitaka kushika, mwambie daktari mapema.

Na uzito. Mwaka 2010 madaktari wa Uingereza waliwasimamia wanawake 25 wenye maradhi haya kwa chakula kidogo sana kwa miezi mitatu. Walipungua kama kilo 15 kila mmoja kwa wastani, na presha ya kichwani ikashuka, pamoja na vichwa na uvimbe wa macho. Hiyo ilikuwa chini ya uangalizi, usijinyime nyumbani mpaka ukaanguka. Kwa mama wetu wa kilo 82, kupungua kilo nne hadi nane kwa utaratibu huwa kunaleta nafuu inayoonekana, ingawa wengine watahitaji kupungua zaidi ili presha itulie kabisa. Anza na vilivyo karibu: sukari ya chai, soda, maandazi ya asubuhi na mapema, sinia ya wali wa nazi usiku. Samaki, mchicha na muhogo wa kuchemsha vipo.

Uoni ukiwa unaporomoka kwa siku au wiki, hatungoji kilo. Inaingia upasuaji, wa kuweka mrija wa kutoa maji au wa kufungua ala ya mshipa wa jicho. Hapa Zanzibar tunayo Taasisi ya NED ya upasuaji wa ubongo katika eneo la Hospitali ya Mnazi Mmoja tangu 2014, na Dar es Salaam ipo Taasisi ya Mifupa Muhimbili. Miaka ya nyuma mgonjwa wa namna hii alikuwa hana pa kwenda ila kuvuka bahari.

Mama wa Chwaka hakuhitaji upasuaji. Anameza vidonge vyake, amepungua kilo sita, kiza kimeondoka. Pembeni ya jicho la kushoto kuna sehemu haitorudi, naye anajua. Bado anakwenda kwenye mwani. Bi mkubwa wake alimfanyia kombe na kumpaka mafuta ya karafuu kwenye paji la uso, na mimi sikumkataza, mradi vidonge havikosi na tarehe ya kliniki ya macho haipiti.

Ukienda hospitali kwa kichwa cha namna hii, chukua dawa zako zote kwenye mfuko, za dukani, za mganga, za mitandaoni na mafuta ya ngozi pia. Mwambie daktari uzito wako wa mwaka jana kama unaukumbuka. Kadi ya kliniki ya mtoto mara nyingi ina uzito wako wa siku za mimba. Hesabu siku ngapi kwa mwezi unameza dawa za maumivu, kwani zikifika 15 na zaidi dawa zenyewe huleta kichwa. Na usingoje tarehe ya kliniki ikiwa uoni umepungua ghafla, unaona viwili viwili, una homa na shingo ngumu, mkono au mguu umelegea, umepata kifafa, au umejifungua ndani ya wiki sita na kichwa ni kikali kuliko vyote ulivyowahi kuvipata. Hapo ni siku hiyohiyo, hata kama ni usiku na ni lazima uamshe jirani mwenye gari.

Wiki ijayo, kwa kuwa wengi mmeuliza, tutazungumza juu ya upungufu wa damu kwa kina mama wanaonyonyesha.